Meli zilizokwenda vitani: Mwongozo wa kuwatembeza watoto Kisumu

MZAZI anayefika London na watoto wake anaweza kulipa kiingilio, akapanda manowari HMS Belfast na kuwaonyesha mizinga, jiko na vitanda vya mabaharia. Meli hiyo, iliyopigana katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, imekuwa makumbusho tangu mwaka 1971.

Kisumu haina manowari iliyohifadhiwa namna hiyo. Hata hivyo mji huu una historia yake ya meli za vita, ambayo haifahamiki sana hata kwa wakazi wenyewe. Familia inayojua pa kutazama na la kuuliza inaweza kuifuatilia kwa siku moja.

Meli zilizokuja kwa vipande

Swali la kwanza ambalo mtoto huuliza afikapo bandarini ni hili: meli kubwa kama hizi zilipitia wapi hadi ziwani? Ni swali zuri, kwani hakuna mto unaoweza kupitisha meli kutoka baharini hadi Ziwa Victoria, ambalo liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari.

Jibu ni kwamba zililetwa zikiwa vipande. Meli iliundwa kwanza Uskoti, sehemu zake zikatiwa alama, kisha ikafunguliwa na kupakiwa kwenye masanduku hadi Mombasa. Mafundi wa Kisumu waliiunganisha upya kwa kufuata alama hizo na kuipigilia ribiti.

Meli ya kwanza ya mvuke ya Waingereza katika ziwa hili, William Mackinnon, iliagizwa kabla reli haijafika. Baadhi ya vipande vyake vilisafiri vichwani na mabegani mwa wapagazi. Ilishushwa majini mwaka 1900. Reli ilipofika Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, mnamo Desemba 1901, kazi ikawa nyepesi. Zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill na Nyanza, halafu Usoga na Rusinga katika kipindi cha kukaribia vita.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoundwa kwa ajili ya kupigana. Zilikuwa mali ya Reli ya Uganda, na kazi yake ilikuwa kubeba abiria, pamba, ngozi na bidhaa nyingine kati ya bandari za ziwa.

Ziwa lageuka uwanja wa vita

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka Agosti 1914, ziwa lilikuwa limegawanywa. Waingereza walitawala upande wa kaskazini, na Wajerumani upande wa kusini, wakiwa na miji ya Mwanza na Bukoba. Meli za biashara zikafungwa mizinga na kupewa wanajeshi. Wajerumani nao wakaweka mzinga kwenye chombo chao kidogo cha kuvuta meli, kilichoitwa Muansa.

Mapigano hayakuwa mbali na makwetu. Mnamo Septemba 12, 1914, majeshi ya pande hizo mbili yalipambana Kisii. Siku chache baadaye Winifred ilijaribu kushusha askari katika ghuba ya Karungu, ikakabiliwa na Muansa, ikalazimika kurudi nyuma. Ilirejea ikiandamana na chombo kingine chenye silaha, Kavirondo, na Wajerumani wakaondoka. Leo Karungu, katika kaunti ya Migori, ni ufuo wa wavuvi.

Novemba mwaka huo Sybil ilikwama karibu na Majita, katika eneo la Wajerumani, ikaachwa huko. Mwaka uliofuata Waingereza waliinasua na kuirudisha kazini.

Operesheni kubwa kuliko zote ilianzia Kisumu Juni 1915. Kikosi kilipakiwa kwenye meli hizi za reli, zikiwemo Nyanza, Usoga na Rusinga, kikavuka ziwa na kushambulia Bukoba tarehe 22 na 23. Shabaha kuu ilikuwa mtambo wa simu ya upepo uliowapa Wajerumani mawasiliano, nao uliharibiwa. Mwanza ilitekwa Julai 1916, na baada ya hapo meli zikarejea kwenye pamba na abiria.

Kwa nini twende sasa

Makapteni na majenerali wa vita hivyo wameandikwa vitabuni. Wapagazi waliobeba vipande vya meli, makuli waliopakia risasi gatini na vijana waliolisha moto tanuri za meli hawakuandikwa. Wala wale waliochukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, ambao wengi wao hawakurudi, hawana ukumbusho mwingi zaidi ya jina la mtaa wa Kariakor jijini Nairobi na lile la Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Vyombo vyenyewe vinatoweka. Baadhi ya meli za mwanzo zilizamishwa kwa makusudi zilipochakaa. Miili ya Nyanza na Usoga ilibaki Kisumu kwa miongo mingi baada ya kustaafishwa, ikila kutu. Chuma kikishakatwa na kuuzwa kwa kilo kama chakavu, mzazi hatakuwa na kitu cha kumwonyesha mtoto isipokuwa maji.

Kupanga siku yenyewe

Anza na bandari. Hili ni eneo la ulinzi, si bustani ya umma. Lina shughuli za Halmashauri ya Bandari za Kenya na za Kenya Shipyards Limited, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 2020 chini ya Wizara ya Ulinzi. Omba ruhusa mapema kwa maandishi, ukitaja idadi ya watu na umri wa watoto, na usiwaahidi watoto kitu kabla hujajibiwa. Uliza pia ni meli ipi ya zamani ambayo bado inaonekana, na kama picha zinaruhusiwa. Usitoe kamera kabla hujaambiwa.

Ukiruhusiwa kuikaribia meli ya zamani, itazameni kutoka nchi kavu. Sakafu ya chuma iliyolika haionyeshi dalili kabla haijapasuka. Waonyeshe watoto safu za ribiti ubavuni, uwaambie kila moja ilipigwa kwa mkono wa mtu.

Ukikosa ruhusa, siku haijaharibika. Kodi mashua katika ufuo wa Dunga na mwangalie mji kutoka majini, jinsi askari wa mwaka 1915 walivyouona wakiuacha nyuma. Nendeni asubuhi, kwani alasiri upepo huzidi. Kila mtoto avae jaketi la kujiokoa linalomtosha. La mtu mzima humchomoka mtoto anapotumbukia. Msiwakaribie viboko. Nahodha akisema gugumaji limeziba njia, msibishane naye.

Mchana, nendeni Makumbusho ya Kisumu kwenye barabara ya kuelekea Kericho, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Huko watoto wataona samaki wa ziwani na boma la Kijaluo. Ni vyema wajue ni watu gani waliokuwa wakiishi ufukweni meli za kwanza zilipotia nanga.

MV Uhuru pia haistahili kusahauliwa. Meli hii ya kubeba mabehewa ya reli nayo ililetwa kutoka Uskoti kwa vipande na kushushwa majini Kisumu katika miaka ya 1960. Baada ya kukaa bila kazi kwa miaka mingi, ilikarabatiwa kwa msaada wa Jeshi la Wanamaji la Kenya na kurejea safarini mwaka 2019. Mwaka 1914 meli za biashara zilichukuliwa na wanajeshi zikaenda vitani. Safari hii wanajeshi waliirudisha meli kwenye biashara.

Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi

Mjini Mombasa, mbele ya Fort Jesus, kuna mizinga ya manowari mbili za vita hivyo: Pegasus ya Waingereza, iliyozamishwa Zanzibar Septemba 1914, na Königsberg ya Wajerumani, iliyoangamizwa katika mto Rufiji Julai 1915.

Kule Ziwa Tanganyika, bandari ya nyumbani ya MV Liemba ni Kigoma. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikatumika vitani, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha ikaibuliwa na kurejea kazini mwaka 1927. Kabla ya kufunga safari, pata habari za hali yake.

Jioni, kabla ya kurudi nyumbani, mtafuteni mzee aliyefanya kazi katika meli za shirika la reli la Afrika Mashariki, lililovunjika mwaka 1977. Mpeni kiti, na mtoto mmoja aandike asemayo, pamoja na majina ya wenzake wa gatini. Majina hayo huenda hayajawahi kuandikwa popote.