Mlango Usiodai Barua: Msimu wa Kwanza wa Casualty, 1986

Jumamosi ya tarehe 6 Septemba 1986, televisheni ya BBC ya Uingereza ilionyesha kwa mara ya kwanza tamthiliya ya hospitali iliyoitwa Casualty. Msimu huo wa kwanza ulikuwa na vipindi 15, na cha mwisho kilionyeshwa Desemba 27 mwaka huo huo. Waliokaa mbele ya televisheni jioni ile hawakujua kwamba wanatazama mwanzo wa kazi ambayo ingedumu kwa zaidi ya miaka 35. Walichokiona ni zamu moja ya usiku katika hospitali ya mji wa kubuni uitwao Holby. Kemikali yenye sumu imevuja bandarini, wagonjwa wanaletwa mmoja baada ya mwingine, na wauguzi hawatoshi.

Makala haya yanahusu msimu huo mmoja tu. Misimu iliyofuata ina mengi ya kusimuliwa, lakini wa kwanza una jambo ambalo baadaye lilififia: ulikuwa hoja ya kisiasa iliyovikwa vazi la mchezo wa kuigiza. Hoja yenyewe ilihusu mlango mmoja wa hospitali, kama ubaki wazi usiku au ufungwe. Ili tuielewe hoja hiyo hatuna budi kuanza na jina la tamthiliya, na hapo walimu wa lugha tuna la kusema.

Mwanafunzi akipewa jina hilo alitafsiri, kwa haraka ataandika "Majeruhi", na kamusi itamuunga mkono. Historia ya hospitali za Uingereza, hata hivyo, inatupeleka kwingine. Kabla ya mwaka 1948 hospitali nyingi kubwa za huko ziliendeshwa kwa michango ya watu wenye uwezo. Kwa kawaida mchangiaji alipata haki ya kuandika barua za kuwapendekeza wagonjwa. Maskini aliyeugua alipaswa kwanza kumtafuta bwana wa kumwandikia barua ndipo aende hospitali. Lakini aliyeanguka kutoka juu ya jengo, au aliyekanyagwa na farasi barabarani, hakuwa na nafasi ya kutafuta barua ya mtu. Huyo alipokewa kwa sababu amepatwa na jambo la ghafla, na ndiyo maana ya asili ya neno lile: yaliyotokea bila kupangwa. Idara iliyowapokea watu wa aina hiyo ikawa mlango usiodai barua. Na kwa kuwa haukudai barua, maskini wengine nao wakajifunza kupita hapo hapo, aliyevunjika mguu na anayekohoa tu.

Wenzetu wa fasihi watapenda kujua kwamba mmoja wa walioshuhudia hali hiyo alikuwa mshairi. Robert Bridges, ambaye mwaka 1913 aliteuliwa kuwa mshairi rasmi wa taifa la Uingereza, alikuwa daktari katika idara hiyo ya hospitali ya St Bartholomew's, London. Katika ripoti yake ya mwaka 1878 alihesabu kwamba katika mwaka mmoja alikuwa amewaona wagonjwa 30,940, na kwamba kila mmoja alipata kwa wastani dakika 1.28. Mshairi anayehesabu sekunde! Ripoti ile ni ya kejeli kavu, na ukiisoma unaona kwamba msongamano ulioonyeshwa na BBC mwaka 1986 ulikuwa na umri wa zaidi ya karne moja.

Tarehe 5 Julai 1948 ilianzishwa Huduma ya Afya ya Taifa, na barua zikaisha. Matibabu yakawa haki ya kila mkazi, yakilipiwa zaidi na kodi. Mwaka 1962 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ilipendekeza hata jina la idara libadilishwe, iitwe idara ya ajali na dharura, kwa hoja kwamba jina la zamani liliwavuta watu wasio na dharura yoyote. Serikali ilifuata, vibao vikaanza kubadilishwa, lakini wananchi waliendelea kutumia neno walilolizoea. Hapa kwetu Kampala, na Nairobi vilevile, neno hilo la zamani lilibaki vinywani mwa watu muda mrefu. Nani hajawahi kusikia mtu akisema kwamba mgonjwa wake "yuko kazwalti"? Kwa hiyo waandishi walipoichagua lugha ya mtaani badala ya lugha ya vibao, uchaguzi huo tayari ulikuwa na upande.

Waandishi hao walikuwa wawili, Jeremy Brock na Paul Unwin, vijana waliotoka katika ulimwengu wa jukwaa huko Bristol. Walikwenda kukaa katika idara ya dharura ya Bristol Royal Infirmary wakitazama kazi inavyofanyika, na huko walikutana na muuguzi Peter Salt. Yeye ndiye aliyekuwa kielelezo cha mhusika mkuu, muuguzi Charlie Fairhead, na baadaye akawa mshauri wa tamthiliya katika mambo ya tiba. Pendekezo waliloliandikia BBC lilikuwa la hasira. Lilianza kwa kukumbusha kwamba mwaka 1948 ilizaliwa ndoto, kisha likadai kwamba kufikia mwaka 1985 ndoto hiyo ilikuwa imechanikachanika. Mtayarishaji Geraint Morris aliisimamia kazi hiyo kwenye skrini.

Je, walikuwa na haki ya kukasirika? Tuangalie mambo yalivyokuwa. Serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa madarakani tangu 1979. Mwaka huo dawa moja iliyoandikwa na daktari ilimgharimu mgonjwa pensi 20. Mwaka 1986 ilikuwa pauni 2 na pensi 20, yaani mara kumi na moja. Mwaka 1983 hospitali ziliagizwa kuitisha zabuni za usafi, ufuaji na upishi ili makampuni binafsi yashindane na wafanyakazi wake. Mwaka huo huo serikali ilipokea ripoti ya Roy Griffiths, kiongozi wa kampuni ya maduka makubwa ya Sainsbury's, aliyependekeza kila hospitali iwe na meneja mwenye kauli ya mwisho. Mtu anaweza kuitetea ripoti hiyo, kwa kuwa hospitali ambayo haijui nani anaamua nayo ni hatari. Lakini kwa wauguzi wengi maana yake ilikuwa moja tu: amekuja mtu wa hesabu.

Mgogoro wa msimu wa kwanza unatoka hapo. Zamu ya usiku ya Holby iko hatarini kwa sababu inagharimu fedha. Daktari bingwa Ewart Plimmer, aliyeigizwa na Bernard Gallagher, anatumia nusu ya nguvu zake kutibu na nusu nyingine kubishana na uongozi. Kwa lugha ya darasani tungesema mandhari ndiyo iliyobeba dhamira. Usiku ndio wakati ambapo zahanati za madaktari wa mitaani zimefungwa, ofisi za ustawi wa jamii zimefungwa, na mlango mmoja tu umebaki wazi. Anayepita hapo huleta kila kitu: ulevi, upweke, ukosefu wa kazi, kipigo cha mume. Muuguzi akishona jeraha hajamaliza kazi, kwa sababu lililoleta jeraha lingali nyumbani linamsubiri mgonjwa. Nadhani hii ndiyo nguvu kubwa ya msimu ule. Tamthiliya za hospitali zilizoutangulia nchini humo, kama Emergency – Ward 10 ya miaka ya 1957 hadi 1967, zilimtukuza daktari na mapenzi ya wodini. Angels ya BBC, iliyoanza 1975 na kwisha 1983, iliwasogeza wauguzi mbele. Casualty ikamsogeza mbele hata anayesukuma kitanda cha magurudumu.

Msukuma vitanda huyo anaitwa Kuba Trzcinski, naye ni Mpolandi. Muuguzi Megan Roach ni Mwairishi. Muuguzi Clive King ni mtu mweusi, aliyeigizwa na George Harris, mzaliwa wa Grenada. Hilo halikuwa pambo. Huduma ya Afya ya Taifa ilijengwa kwa mikono ya wageni tangu siku zake za mwanzo, hasa wauguzi kutoka Ireland na visiwa vya Karibi.

Megan anastahili aya yake mwenyewe. Aliigizwa na Brenda Fricker, ambaye mwaka 1990 alipata tuzo ya Oscar kwa filamu ya My Left Foot. Katika msimu wa 1986 Megan ni mama wa makamo, mpole, mwenye ulimi wa ukweli, na cheo chake ni cha chini: ni muuguzi wa daraja la pili, yule aliyesoma miaka miwili badala ya mitatu. Uganda na Kenya tunalijua vizuri daraja hilo, kwa sababu tulilirithi katika mfumo wa Kiingereza. Wanawake wengi kutoka Karibi waliofika Uingereza kusomea uuguzi waliingizwa katika daraja hilo bila kuelezwa kwamba halingewapandisha cheo. Na katika mwaka huo huo wa 1986 baraza la wauguzi la Uingereza lilitoa mpango ulioitwa Project 2000, uliopendekeza mafunzo ya daraja hilo yasimamishwe kabisa. Kwa hiyo mtazamaji aliyempenda Megan Jumamosi jioni alikuwa akimpenda mtu ambaye kazi yake ilikuwa imeanza kufutwa kwenye karatasi. Sijui tamthiliya nyingine iliyomshika mfanyakazi wa aina hiyo kwa heshima kiasi hicho.

Mfasiri naye ana mtego hapa. Katika hospitali za Uingereza za wakati huo "sister" halikuwa jina la kila muuguzi. Lilikuwa cheo cha mwanamke msimamizi wa wodi, lililobaki tangu enzi ambapo watawa waliwahudumia wagonjwa. Mwanamume mwenye madaraka hayo hayo, kama Charlie, alihitaji jina jingine. Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki "sista" amekuwa mtawa, na pia muuguzi yeyote wa kike, hata aliyeanza kazi jana. Ukimwita Megan sista katika tafsiri umempandisha cheo alichonyimwa, na umeuvunja mgogoro mzima wa mhusika. Afadhali "muuguzi msimamizi" kwa wenye cheo, na "nesi" kwa Megan, kwa sababu ndivyo wagonjwa wake wangemwita.

Pamoja na sifa hizo, msimu ule una pengo ambalo mwanahistoria hawezi kulifumbia macho. Katika wahusika wakuu kumi hivi, hakuna hata daktari mmoja wa asili ya India au Pakistani. Mwaka 1986 hospitali za Uingereza zisingefunguka asubuhi bila madaktari hao, na idara za dharura zilikuwa miongoni mwa sehemu walizosukumiwa kwa sababu wenyeji hawakuzitaka. Baadhi yao walitoka hapa hapa kwetu. Kati ya Waasia wapatao elfu 27 waliopokewa Uingereza baada ya kufukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 walikuwamo madaktari na wafamasia. Tamthiliya iliyotaka kusema ukweli wote kuhusu zamu ya usiku iliwaacha nje wengi wa waliokuwa zamu.

Mapokezi yake hayakuwa matamu. Wanasiasa wa chama tawala cha Conservative walidai kwamba BBC inaeneza siasa za mrengo wa kushoto kwa kisingizio cha burudani. Baadhi ya wauguzi nao walichukizwa kuonyeshwa wakivuta sigara na kunywa pombe. Lakini kipindi cha 15, kilichofunga msimu, kiliitwa Closure, yaani kufungwa, na swali la mlango likaachwa mikononi mwa mtazamaji.

Jibu la nje ya skrini halikuchelewa. Kufikia Desemba 1987 upungufu wa fedha hospitalini ulikuwa mkubwa hata viongozi wa vyuo vikuu vya kitaaluma vya madaktari wakatoa tamko la hadharani kuionya serikali. Januari 1988 Thatcher alitangaza kwenye televisheni, katika kipindi cha Panorama cha BBC ile ile, kwamba huduma nzima ingechunguzwa upya. Uchunguzi huo ulizaa sheria ya mwaka 1990, iliyozifanya hospitali ziuziane huduma kama wafanyabiashara. Itakuwa ni kutia chumvi kusema kwamba Casualty ilisababisha lolote kati ya hayo. Ilichofanya ni kuyasema mapema, mwaka mmoja kabla ya madaktari wakubwa, kwa kinywa cha nesi wa daraja la pili.

Baadaye tamthiliya ilipata utulivu na umaarufu. Kipindi cha Februari 1993, kilichoonyesha vijana wakiichoma moto hospitali, kilitazamwa na watu wapatao milioni 17. Mwaka 2011 utengenezaji ulihamia Cardiff kutoka Bristol. Derek Thompson, aliyemwigiza Charlie tangu kipindi cha kwanza, aliaga Machi 2024. Uongozi wa Holby ulishabadilika mara nyingi kufikia hapo, na zamu ya usiku ilikuwa bado inaendelea.