Safari za kuishinda nuru: Hesabu ipo, nishati haipo

CHOMBO cha Voyager 1, kilichorushwa na Marekani mnamo Septemba 1977, huenda kwa kasi ya takriban kilomita 17 kwa sekunde. Hata hivyo, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuvuka umbali ulio baina ya Jua na Proxima Centauri, nyota iliyo jirani yake zaidi. Nuru yenyewe huchukua miaka minne na ushei.

Umbali huo ndio uliowafanya baadhi ya wanafizikia kutafuta njia ya kusafiri isiyotegemea kuchoma mafuta. Mnamo 1994, Miguel Alcubierre, raia wa Mexico aliyekuwa akifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Wales, Cardiff, alichapisha makala fupi iliyopendekeza njia hiyo.

Msingi wake ni nadharia ya jumla ya uhusianifu, aliyoikamilisha Albert Einstein mwaka wa 1915. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, anga na wakati hupindwa na tungamo na nishati, na kupindika huko ndiko kunakoitwa mvutano. Hakuna kitu kiwezacho kuipita nuru kikiwa ndani ya anga. Anga yenyewe, lakini, haikuwekewa mpaka huo: galaksi zilizo mbali mno huachana nasi kwa kasi inayoishinda nuru, kwa kuwa anga iliyo kati yetu inatanuka.

Mfano wa karibu ni wa mtu aliyeketi juu ya jamvi refu. Jamvi likikunjwa mbele yake na kukunjuliwa nyuma yake, ncha ya mbele itamfikia ilhali yeye hajainuka. Vivyo hivyo, chombo cha Alcubierre hukaa ndani ya kiputo cha anga tulivu. Anga iliyo mbele hufinywa, ya nyuma hutanuliwa. Abiria hawahisi msukumo wowote, wala saa zao hazitofautiani na za waliobaki nyumbani.

Kikwazo ni kwamba kiputo hicho hudai nishati hasi, yaani iliyo pungufu ya ile ya ombwe tupu. Dalili ya kitu cha aina hiyo ipo. Mholanzi Hendrik Casimir alibashiri mwaka wa 1948 kuwa mabamba mawili ya metali yaliyokaribiana mno katika ombwe yatavutana, na vipimo vya 1997 vikamuunga mkono. Lakini kiasi hicho ni kidogo ajabu. Mwaka huo huo wa 1997, Michael Pfenning na Lawrence Ford walikokotoa kwamba kiputo cha kubeba chombo kingehitaji nishati hasi inayozidi tungamo la ulimwengu wote unaoonekana. Mnamo 1999, Chris Van Den Broeck alilibadilisha umbo la kiputo na kuipunguza hesabu hiyo hadi tungamo la majua machache. Nafuu, ingawa si ya kujivunia.

Kuna tatizo la pili lisilozungumzwa sana. Kiputo kikiishinda nuru, ishara kutoka chomboni haziwezi kuufikia ukuta wake wa mbele. Nahodha hana usukani wala breki.

Mnamo 2024, Jared Fuchs na wenzake walionyesha kiputo kisichohitaji nishati hasi, mradi kisiifikie kasi ya nuru. Gamba lake lingebeba zaidi ya maradufu ya tungamo la sayari ya Mshtarii. Namna ya kulianzisha mwendo haijapatikana.