Kunta Kinte: Juu ya Nini Tunapenda Seri Yenye Makosa?



Leo nataka kuandika juu ya seri moja ya tele ambayo wengi wetu tuliiona kwa vipande, kwa Kifaransa, ikiitwa Racines. Waamerika wanaiita Roots. Hata mtu ambaye hajaona kipande kimoja anajua jina la Kunta Kinte. Nimesikia wanafunzi wakimwita mwenzao Kunta juu tu alikataa kunyamaza mbele ya mtu aliyemwonea.

Lakini sisi tuliosoma historia tuko na tatizo na seri hii. Wanahistoria waliikosoa sana, na sehemu kubwa ya makosa waliyoyasema ni ya kweli. Sasa juu ya nini watu bado wanaipenda? Na sisi tuipende namna gani?

Tuanze na mambo yenyewe. Seri ilitoka katika kitabu cha Alex Haley cha mwaka 1976. Haley alieleza humo ukoo wake, kuanzia kijana wa Kimandinka aliyekamatwa karibu na kijiji cha Juffure, Gambia, akavushwa bahari ndani ya merikebu Lord Ligonier na kushushwa Annapolis mwaka 1767. Kituo cha ABC kiliionyesha kuanzia tarehe 23 hadi 30 Januari 1977, usiku nane mfululizo. Kwa kawaida seri ilionyeshwa mara moja kwa juma. Lakini wakubwa wa ABC walikuwa na woga: je, Wazungu wa Marekani watakubali kukaa mbele ya tele kuangalia utumwa wa babu zao? Kuimaliza kwa juma moja ilikuwa pia njia ya kupunguza hasara.

Kumbe mambo yalienda kinyume. Karibu watu milioni 130 waliangalia angalau sehemu yake, na usiku wa mwisho peke yake kama milioni 100. Marekani wakati ule ilikuwa na watu kama milioni 220 hivi. Seri ilipendekezwa kwa zawadi za Emmy 37, ikapata 9.

Watu walipenda nini? Mimi naona mambo matatu.

La kwanza ni mwanzo wake. Miezi miwili na zaidi kidogo kabla, mwezi wa Novemba 1976, tele ya Marekani ilikuwa imeonyesha filamu ya zamani Gone with the Wind, na yenyewe ilipata watazamaji wengi sana. Ndani ya filamu ile Mweusi ni mtu wa kufungua mlango na kubeba sahani. Hana baba, hana kijiji. Racines inaanza na mtoto anayezaliwa. Baba yake, Omoro, anamwinua juu kuelekea mbinguni. Mtazamaji anamjua Kunta kama mtoto wa watu kabla ya kumwona na minyororo. Sisi huku tunaona hilo ni jambo la kawaida, lakini kwenye tele yao lilikuwa jambo jipya kabisa.

La pili ni jina. Kila mtu anakumbuka kipande kile Kunta anafungwa na kupigwa fimbo mpaka akubali kuitwa Toby. Aliyecheza, LeVar Burton, alikuwa bado mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 19. Wengi wanasahau jambo moja: mwishowe anakubali. Analitamka jina lile. Shujaa anashindwa mbele yetu, na ndiyo sababu kipande kile kinauma. Kisha mzee Fiddler anamshika, anamwita kwa jina lake la kweli, anamwambia kwamba anajijua yeye ni nani. Mwili umeshindwa, lakini jina limebaki kwa mtu mwingine anayelitunza.

La tatu ni kumbukumbu. Kunta anamfundisha binti yake Kizzy maneno machache ya kwao. Kizzy anauzwa mbali na wazazi, lakini anamfundisha mtoto wake George, na George anapeleka mbele. Baada ya seri, kuna wazazi waliowapa mabinti wao jina la Kizzy. Watu wengi, Weusi kwa Weupe, walijaa kwenye maktaba na ofisi za kutunza karatasi za zamani kutafuta majina ya mababu zao.

Sasa tuje kwenye makosa. Mwaka 1978 Haley alimlipa mwandishi Harold Courlander dola 650,000, akikubali kwamba sehemu za riwaya ya Courlander ziliingia ndani ya kitabu chake. Mwaka 1981 watafiti wa ukoo Gary Mills na Elizabeth Shown Mills walifungua karatasi za Virginia. Walikuta kwamba Toby wa familia ya Waller alikuwa huko tayari kabla ya merikebu ile kufika 1767. Mwaka uleule mwanahistoria Donald Wright, aliyefanya utafiti Gambia, alionyesha kwamba yule mzee aliyemwelezea Haley habari za Kunta hakuwa griyo wa kweli, na kwamba watu wa pale walijua mapema mgeni anatafuta hadithi gani. Tena Juffure haikuwa kijiji kilichofichika. Kilikuwa karibu kabisa na ngome ya Waingereza kwenye kisiwa cha James, mahali pa biashara. Seri mpya ya mwaka 2016 ilijaribu kusahihisha hilo.

Mutu anaweza kusema: basi ni uongo, tuache. Mimi sikubali. Haley mwenyewe alisema amechanganya mambo ya hakika na ya kubuni. Na jambo kubwa lililo chini ya hadithi halikubuniwa. Wanahistoria waliohesabu safari za merikebu wanakadiria kwamba Waafrika kama milioni 12.5 walipakiwa kuvuka Atlantiki, na kama milioni 10.7 ndio walifika wakiwa hai. Kunta mmoja wa kwenye karatasi anaweza kuwa na mashaka. Wale wengine hawana mashaka yoyote, ila majina yao hatunayo.

Na hapa ndipo inatuhusu sisi. Karibu nusu ya watu wale walitoka pwani ya Kongo na Angola. Mwaka 1526 mfalme wa Kongo, Afonso wa Kwanza, aliandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake, hata watoto wa wakubwa. Mwaka 1739 watumwa waliasi karibu na mto Stono, South Carolina, na mwanahistoria John Thornton ameonyesha kwamba wengi wao yaelekea walitoka ufalme wa Kongo. Kule Marekani Kunta angeweza kabisa kuitwa Nsaku au Nzinga.

Upande wetu wa mashariki kuna njia nyingine. Misafara ya pembe na watumwa ilitoka Maniema, Nyangwe na Kasongo, ikaelekea Ujiji, Tabora, mpaka pwani na Zanzibar. Lugha hii ninayoandika iliingia kwetu kwa barabara hiyohiyo. Tippu Tip aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili. Watu aliowachukua hawakuacha kitabu. Lakini Tanzania mpaka leo kuna Wamanyema, jina ambalo linatoka huku kwetu. Nani amefanya seri juu yao? Nani hata amefanya TFC?

Kwa hiyo naomba tuipende Racines kama watu wazima. Tusiiweke kwenye TFC kama ushahidi wa mwaka 1767. Inaweza kuwa ushahidi mzuri sana wa mwaka 1977, wa nchi iliyokubali kwa juma moja kuangalia kitu ilichokuwa imekizoea kukificha. Na tujifunze kwa kosa la Haley. Yeye alikuwa na kiu ya jibu, na watu wakampa jibu alilolitaka.

Ukienda kumuuliza nyanya yako habari za ukoo, usimwambie kwanza unachotafuta. Mwache aseme. Andika tarehe, andika mahali, andika nani mwingine alikuwepo. Kisha tenganisha mambo matatu: aliyoyaona mwenyewe, aliyoyasikia kwa mama yake, na yale wewe unayodhani. Majina yakikatika katikati, acha nafasi wazi kwenye karatasi. Mtoto wako atakuja kuijaza, au atajua angalau kwamba hukumdanganya.

Wazee wanaondoka kila mwezi. Simu zetu zinaweza kurekodi sauti. Tuanze.