Kutoka Daftari za Mengo hadi Kompyuta: Historia Fupi ya Kupima Mwendo wa Watoto

Katika kipindi kimoja cha somo la istilahi, mwanafunzi alituuliza tuiteje kwa Kiswahili ile kazi ya kompyuta kujifunza kutokana na mifano. Darasa lilipendekeza "ujifunzaji wa mashine". Kabla hatujaandika ubaoni, mwenzake akadakia: "Na mashine hiyo inafundishwa na nani?" Wote tulicheka, lakini swali lilibaki. Katika makala haya tunakusudia kulijibu kwa kupitia historia ya jambo ambalo hapa Kampala lina mizizi mirefu kuliko wengi wetu tunavyodhani, yaani kupima jinsi mtoto anavyoanza kutembea na jinsi mwendo wake unavyokomaa kadiri umri unavyoongezeka.

Tuanzie Mengo. Daktari Albert Cook alifika huko mwaka 1897, na mwaka huohuo akaanzisha hospitali akishirikiana na muuguzi Katharine Timpson, ambaye alimwoa mwaka 1900. Cook alikuwa na desturi ya kuandika habari za kila mgonjwa: umri wake, atokako, alivyoonekana na alivyotibiwa. Desturi hiyo iliendelezwa na waliomfuata. Mwaka 1964 J. N. P. Davies na wenzake walichapisha uchambuzi wa saratani uliotokana na kumbukumbu za Mengo za kati ya 1897 na 1956. Ilidhihirika kwamba uvimbe wa taya za watoto, ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958, ulikuwa umeandikwa Mengo miongo mingi kabla ya kupewa jina. Hapa tunapata funzo la kwanza: kumbukumbu iliyotunzwa vizuri huweza kujibu hata swali ambalo mwandishi wake hakuliwaza. Ujifunzaji wa mashine umesimama juu ya msingi huo, kwani pasipo kumbukumbu, kompyuta haina cha kujifunza.

Sasa tuvuke tufike Mulago katika miaka ya 1950. Huko Marcelle Geber, mtafiti kutoka Ufaransa, alishirikiana na Daktari R. F. A. Dean wa kitengo kilichochunguza utapiamlo wa watoto. Geber aliwapima watoto wachanga wa Kampala kwa kipimo cha Gesell, kilichotungwa Marekani kutokana na watoto wa huko. Matokeo yaliwashangaza wengi: watoto wa hapa walishika shingo, wakaketi na kutembea mapema kuliko kipimo kilivyotarajia. Habari hiyo ilienea, na wapo walioidaka haraka na kudai kwamba sababu ni damu na asili. Hata hivyo, Geber mwenyewe alikuwa ameeleza mwaka 1958 kwamba watoto wa familia chache zilizofuata malezi ya Kizungu, waliokuwa wakilazwa vitandani muda mrefu badala ya kubebwa, hawakuonyesha wepesi uleule. Dalili ya jibu ilikuwa wazi tangu mwanzo, lakini si wengi walioitazama.

Waliofuata walichimba zaidi. Philip na Janet Kilbride, waliofanya utafiti miongoni mwa Baganda, walionyesha kwamba mtoto hufundishwa kuketi kwa makusudi, kwa sababu katika jamii hiyo kuketi vizuri ni sehemu ya adabu. Naye Charles Super, katika utafiti wake wa mwaka 1976 miongoni mwa Wakipsigis wa Kokwet nchini Kenya, aligundua kwamba watoto waliwahi katika yale waliyofundishwa, yaani kuketi na kutembea, lakini hawakuwahi katika yale ambayo hakuna aliyewafundisha, mathalani kutambaa. Jambo la kumfurahisha mwanaisimu ni kwamba alikuta lugha ya Wakipsigis ina maneno maalumu ya kumfunza mtoto kuketi na kumfunza kutembea. Ushahidi ulikuwamo katika vinywa vya akina mama, ukingoja mtu wa kuwauliza.

Kiswahili nacho hakijabaki nyuma. Mtoto hutambaa, husimama dede, kisha huenda tata akiyumba huku na huku, na hatimaye hutembea. Wahenga nao walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Watafiti wa karne ya 20 walihitaji takribani miaka 20 kuifikia methali hiyo.

Je, kompyuta iliingiaje? Mwaka 1980 daktari wa mifupa David Sutherland na wenzake wa San Diego walichapisha uchunguzi wa watoto 186 wa umri wa mwaka 1 hadi 7. Walibainisha alama za mwendo uliokomaa, zikiwamo urefu wa hatua, kasi, idadi ya hatua kwa dakika na muda wa kusimama kwa mguu mmoja. Miongoni mwa waandishi alikuwamo mtakwimu Richard Olshen. Miaka minne baadaye Olshen na wenzake watatu walitoa kitabu kuhusu miti ya maamuzi, mbinu ambayo hadi leo ni nguzo mojawapo ya ujifunzaji wa mashine. Kwa hiyo elimu hizi mbili zilifahamiana mapema.

Mwaka 1999 Jeffrey Hausdorff na wenzake walieleza habari za watoto 50 wa Marekani wenye umri wa miaka 3 hadi 14. Kila mtoto alitembea kwa dakika 8 akiwa na kifaa kiatuni kilichonakili muda wa kila hatua. Ilionekana kwamba hatua za mtoto mdogo hupishana sana kwa muda, na kwamba kupishana huko hupungua kadiri anavyokua. Mtoto wa miaka 7 ambaye kwa macho anatembea kama mtu mzima, bado mpigo wa hatua zake haujatulia kama wa mtoto wa miaka 11 au zaidi. Kumbukumbu hizo ziliwekwa wazi kwa watafiti wote. Mtu huweza kuipa kompyuta namba za hatua pamoja na umri wa baadhi ya watoto, ikatafuta yenyewe uhusiano uliopo, kisha ikajaribiwa kwa watoto ambao haijawahi kuwaona. Ikikisia umri kwa usahihi, basi imejifunza.

Faida yake si ya maonyesho. Mwaka 2020 Łukasz Kidziński na wenzake walionyesha kwamba kompyuta huweza kukadiria vipimo vya mwendo kutokana na video ya kamera moja ya kawaida. Waliifunza kwa video za wagonjwa zaidi ya 1,000 wenye mtindio wa ubongo wa hospitali moja ya Marekani. Hapa Uganda, utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge na kuchapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba watoto 2.9 katika kila 1,000 wana hali hiyo. Kwa mzazi aliye mbali na mtaalamu, simu inayoweza kutambua mapema kasoro ya mwendo ingekuwa msaada mkubwa.

Lakini hapo ndipo historia ya Mulago inapotudai. Mashine iliyofunzwa kwa watoto wa Marekani peke yao ni kipimo cha Gesell kilichovaa nguo mpya. Itamwambia mama wa Mengo kwamba mwanawe amewahi au amechelewa, kumbe inachosema ni kwamba mtoto huyo hakulelewa kama wale. Shirika la Afya Duniani lilipotoa viwango vyake mwaka 2006, lilitumia watoto 816 wa Ghana, India, Marekani, Norwe na Oman, na likakubali upana: mtoto mwenye afya aweza kuanza kutembea peke yake wakati wowote kati ya miezi 8.2 na 17.6. Huo ni mfano mwema, ingawa hata humo Afrika Mashariki haikuwamo.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mashine haina mama. Itafunzwa na yeyote mwenye kumbukumbu. Cook aliandika zake kwa mkono, akaacha urithi uliosaidia tiba baada yake. Zetu tusipoziandika sisi, pamoja na maneno ambayo akina mama wetu hutumia kwa kila hatua ya mtoto, watoto wetu wataendelea kupimwa kwa mwendo wa watoto wa wengine. Tunawaomba wanafunzi watakaokwenda likizo waanze na kazi ndogo: kila mmoja amuulize bibi yake majina ya hatua hizo kwa lugha ya nyumbani, ayaandike, na atuletee.