Kioo cha Kamchape

Mwaka 1933 na 1934 vijana waliovaa nguo za kizungu walipita kijiji hadi kijiji katika nchi ambayo leo ni kaskazini mwa Zambia, wakieneza dawa ya mchape iliyotoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Audrey Richards, mtafiti Mwingereza aliyekuwa akiishi na Wabemba, alieleza kazi yao ilivyokwenda. Watu walipangwa mstari, wanaume kwao na wanawake kwao, wakawa wanapita mmoja mmoja nyuma ya mtaalamu, naye akiwatazama kwenye kioo kidogo cha mviringo alichokishika mkononi. Hakuwauliza kitu wala kuwatazama usoni. Aliyeonekana kiooni kuwa mchawi alidaiwa pembe zake za dawa, kisha watu wakanyweshwa mchape, ambao ungemuua yeyote atakayerudia uchawi. Wimbi hilo lilivuka mpaka likaingia Ufipa, kusini magharibi mwa Tanzania ya leo, na halikuwa la mwisho. La 1963 na 1964, lililojulikana kama Kamchape, lilimkuta mwanaanthropolojia Roy Willis akifanya utafiti wake miongoni mwa Wafipa, na mwaka 1968 akachapisha makala juu yake.

Kwa haraka mtu angesema Ufipa si mahali pa mambo hayo. Mpelelezi Joseph Thomson alipopita mwaka 1880 aliwakuta Wafipa kuwa wakulima wapole, na Willis mwenyewe aliwaeleza kama watu wanaothamini mno mazungumzo: salamu isiyo na haraka, jibu lenye adabu, hoja inayojengwa mbele za watu. Katika maisha ya namna hiyo moyo wa mtu hujulikana kwa maneno na mwenendo wake, na anayejitenga na baraza ndiye anayetiliwa shaka. Kilimo nacho kiliwaweka watu machoni pa wenzao, maana matuta makubwa ya duara yanayofukia nyasi ili zioze ziwe mbolea ni kazi inayotaka mikono mingi, na mvivu au mchoyo hakosi kuonekana. Lakini hapo ndipo penye mtego. Pale ambapo kila mtu anatakiwa kuwa mkunjufu, ukunjufu hauthibitishi chochote. Mwenye chuki hucheka na kusalimu sawasawa na asiye nayo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mchawi wa Ufipa aliogopwa kwa kuwa ni jirani anayejua kuzungumza vizuri. Kioo kilikuja kufanya ambacho mazungumzo, kwa ubora wake wote, hayakuweza.

Shuka sasa kutoka uwanda wa juu hadi Kirando, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, uone jinsi swali hilohilo, la namna ya kuujua moyo wa mtu, lilivyopata majibu mengine. Biashara ya pembe za ndovu na watumwa ya karne ya 19 ilileta Waislamu ziwani, na kwao nia ndiyo uzito wa tendo, ila mwenye kuijua ni Mungu. Binadamu ahukumu kinachoonekana. Wamisionari Wakatoliki walioitwa Mapadri Weupe, walioshika Karema mwaka 1885 na kueneza misheni zao kusini kando ya ziwa, walileta kitubio: yaliyo moyoni huyasema mwenye moyo, kwa hiari yake, kwa sikio moja lililofungwa kwa siri. Kwa hiyo mvuvi, mkulima na mfanyabiashara waliokutana soko moja wangeweza kuwa na majibu matatu tofauti kwa swali moja: nani ana haki ya kuusoma moyo wa mwingine, na kwa ushahidi gani? Ni katika swali hilo, naamini, utamaduni hufanya kazi yake kubwa, kuliko katika uwezo wenyewe wa kufikiri juu ya fikra za mwenzako.

Uwezo huo unaelekea kuwa wa watu wote. Mwaka 1991 watafiti Jeremy Avis na Paul Harris walichapisha jaribio lao kwa watoto wa jamii ya Baka, wawindaji wa misitu ya Kameruni. Mtu mzima anapika kokwa za embe mwitu, anatoka, na mtoto anashawishiwa kuzihamisha; kisha mtoto anaulizwa mpishi akirudi atazitafuta wapi. Wengi wa watoto wa miaka mitano hivi walijibu kwamba atazitafuta zilipokuwa mwanzo. Mtoto wa Kirando na wa London huenda hawatofautiani sana hapo. Wanatofautiana baadaye, wanapofundishwa ni fikra ipi inastahili kutajwa hadharani, ipi ni ya kunyamaziwa, na ipi inatafutiwa chombo.

Wapo watakaosema huko ni kukipamba kitu kibaya: Kamchape ilikuwa hofu na utapeli, basi. Utapeli ulikuwapo. Richards alipozikagua pembe zilizotolewa alikuta nyingi ni hirizi za kawaida na dawa za kinga, hata vyombo vya ugoro. Ila ushahidi huo unaieleza imani zaidi kuliko unavyoifuta. Hirizi ileile iliyokuwa kinga jana iligeuka leo kuwa ushahidi wa roho mbaya, kwa sababu aliyeshika kioo alikuwa amebadilika. Ufipani Willis aliona kwamba wataalamu walikuwa vijana, na walioshikwa wengi wao wazee. Vijana hao, ambao kwa desturi wangengoja wazee wawasome na kuwapima, ghafla wakawa wao ndio wasomaji. Wala Ulaya isijione iko mbali: mashine ya kupima uongo kwa mapigo ya moyo na jasho imeketisha wengi kitini, nayo pia huyapita maneno ya mtu ili ifike ndani.

Serikali ya kikoloni ya Tanganyika, kwa Sheria ya Uchawi ya 1928, ilichagua njia yake: iliadhibu anayedai kuwa mchawi, ikamwadhibu pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Sheria hiyo ilirithiwa na Tanzania huru, na vikundi vya kamchape, ambavyo siku hizi huitwa pia lambalamba, bado huitwa na wanakijiji wenyewe, mara nyingi kwa michango yao, katika mikoa ya magharibi. Polisi wakiwafukuza, kijiji hulalamika kwamba kimenyimwa ulinzi. Wakiachwa, kuna mzee atakayebomolewa nyumba.