Kiasi cha Bunduki: Baruti Nyeusi, Shabaha na Historia ya Neno

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya neno moja, kiasi, kwa kuitazama kazi ambayo wengi wetu tungeidhania kuwa mbali sana na taaluma ya lugha: kazi ya kujaza risasi za baruti nyeusi kwa mkono kwa ajili ya mashindano ya shabaha. Kamusi za kale za Kiswahili zinatufahamisha kwamba kiasi si kipimo tu. Kiasi cha bunduki ni baruti pamoja na risasi yake, vimefungwa pamoja, tayari kutiwa bundukini. Leo maana hiyo imekwisha sahauliwa, na kitu kizima tunakiita risasi. Je, tumepoteza nini?

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza tuiangalie kazi yenyewe pale ilipofikia kilele chake. Tarehe 26 Septemba 1874, katika uwanja wa Creedmoor karibu na jiji la New York, watu sita wa Marekani walishindana na watu sita wa Ireland kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Waireland walitumia bunduki za kushindilia mdomoni, zilizotengenezwa na Rigby. Wamarekani walitumia bunduki za Remington na Sharps, ambazo hujazwa kwa nyuma ya mtutu. Wamarekani walishinda kwa alama 934 dhidi ya 931. Lakini tusifanye haraka kuhukumu kwamba bunduki mpya iliishinda ya zamani. Mwireland mmoja, Milner, alipiga kitovu cha shabaha isiyokuwa yake, akapewa sifuri. Alama nne alizozikosa zingewapa wenzake ushindi. Basi kilichodhihirika siku ile ni kwamba bunduki ya kujazwa kwa nyuma, ikipewa kiasi kilichoandaliwa kwa uangalifu, yaweza kulingana na ile ya kushindilia.

Uangalifu huo ulikuwa wa namna gani? Mlenga shabaha wa siku zile hakuridhika na chochote alichopewa na kiwanda. Alichukua ganda la shaba ya manjano, akalitia fataki mpya kitakoni, kisha akamimina baruti aliyoipima, polepole, kwa mrija mrefu, ili punje zilaliane vizuri. Juu yake aliweka kifuniko chembamba, kisha risasi ndefu aliyoisubu mwenyewe kwa madini ya risasi yaliyochanganywa na bati kidogo ili yawe magumu. Kiasi cha yadi 1,000 kiliweza kubeba baruti ya gramu 6 hivi na risasi ya gramu 35 hivi. Hakutaka kubaki nafasi ya hewa baina ya baruti na risasi, wala hakutaka mkandamizo utofautiane kati ya ganda moja na jingine. Tena baruti nyeusi ikiungua huacha masizi mengi ndani ya mtutu. Kwa hiyo ilimpasa ama kuufuta mtutu baada ya kila mlio, au kupuliza pumzi yake ndani yake ili masizi yalainike. Asiyefanya hivyo, risasi yake ya kumi haikwenda ilikokwenda ya kwanza.

Ufundi huo ulianza kufifia Ufaransa ilipovumbua baruti isiyo na moshi mwaka 1884 na kuitumia katika bunduki ya Lebel mwaka 1886. Hata hivyo haukufa. Katika miaka ya 1980 ulifufuliwa Marekani kama mchezo wenye mashindano yake, na wapo mpaka leo wanaopima baruti nyeusi mezani kama walivyofanya watu wa Creedmoor.

Huku kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Zilizoachiwa biashara ya kawaida ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, wakati ufundi wa kiasi ulipokuwa umekwisha komaa kwingineko, sheria ilimwamuru Mwafrika abaki na gobori. Bunduki ya kisasa alipoishika, mara nyingi aliishika akiwa askari wa mtu mwingine, na risasi zake alihesabiwa, zikiwa zimekwisha fungwa kiwandani. Hakuzipima yeye.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo neno lilipopotea. Risasi, kutoka Kiarabu, ni jina la madini kwanza. Baruti ni unga, fataki ni kiwashio, na kushindilia ni kitendo cha mkono. Kila neno lilitaja sehemu yake, na kiasi kikaziunganisha zote. Mtu asiyepima hana haja ya jina la kipimo. Hivyo sehemu moja ikamezwa jina la zima.

Hasara hiyo si ya wanaleksikografia peke yao. Shahidi akisema mahakamani, "Niliona risasi sakafuni," mkalimani atafasiri nini? Kipande cha madini kilichokwisha pigwa, ganda tupu, au kitu kizima ambacho bado chaweza kuua? Tofauti hiyo yaweza kuamua kifungo cha mtu. Wenzetu waundao istilahi hukimbilia lugha za kigeni kila wapatapo pengo. Hapa hapana pengo. Ganda tunalo, fataki tunayo, risasi tunayo, na kiasi kimo katika kamusi za kale, kinangoja kurudishwa kazini.