Waliokwenda Kusoma Ng'ambo

Somo letu la historia leo lahusu watu wa zamani waliokwenda kusoma katika vyuo vikuu vya ng'ambo, na jinsi walivyopata njia. Nimelichagua kwa sababu ya maswali mnayoniletea. Mzazi wa hapa Ufipa ana kijana aliyemaliza kidato cha sita. Mtu amekuja na karatasi nzuri yenye picha, akasema kiko chuo huko nje. Mzazi aniuliza: niuze ng'ombe, au nisiuze? Basi tuwaulize waliotutangulia.

Tuanze na jina mnalolijua. Hapa Sumbawanga iko hospitali iitwayo Dr. Atiman, na wengi wenu mmetibiwa pale. Huyo Atiman alikuwa nani?

Adrian Atiman alizaliwa katika miaka ya 1860, karibu na Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alipokuwa mtoto alikamatwa na wauza watumwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko Mapadri Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, walilipa fedha wakamkomboa, kisha wakamsomesha. Mkubwa wao, Kardinali Lavigerie, alitaka wapatikane waganga Waafrika watakaokaa kati ya watu, wakitibu na kufundisha dini. Mwaka 1881 alianzisha nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, na vijana wakajifunza udaktari katika chuo kikuu cha huko. Atiman alimaliza mwaka 1888, akaja Zanzibar, akafuata msafara kwa miguu. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini-magharibi mwa uwanda wetu wa juu. Karema ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa mpaka ulipoundwa Mkoa wa Katavi mwaka 2012. Atiman alitibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Chukueni kalamu mhesabu: tangu 1889 mpaka 1956 ni miaka mingapi?

Lakini angalieni jambo moja. Atiman hakuandika barua ya kuomba chuo. Chuo, somo, kazi, hata nchi ya kufanyia kazi, vyote viliamuliwa na yule aliyelipa. Lavigerie alijua anataka mtu wa kufanya nini, na wapi. Sisi twafurahi kwamba mambo yalikuwa mema kwa watu wa Karema, lakini mtoto yule hakuulizwa.

Sasa tuje kwa mtu wa pili, Mwalimu Julius Nyerere. Alisoma Makerere, Uganda, tangu 1943 mpaka 1945, akapata stashahada ya ualimu. Neno hili stashahada lina uzito katika habari hii, maana siku zile Makerere haikuwa ikitoa shahada. Tanganyika nayo haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka shahada ilimpasa kutoka. Nyerere alikwenda kufundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora, na mkuu wa shule, Padre Richard Walsh, akamhimiza na kumsaidia aombe. Mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Uskoti, kwa msaada wa masomo wa serikali ya Waingereza. Alijifunza historia, uchumi, falsafa na mengineyo, akapata shahada mwaka 1952, akarudi nyumbani kufundisha. Yaliyofuata mnayajua.

Nyerere alikwenda akiwa mtu mzima aliyekwisha fanya kazi, na nyuma yake alikuwako mtu mmoja aliyezijua ofisi na taratibu zake. Mimi naona jambo hili la pili lilikuwa kubwa sawa na akili yake. Vijana wengi wenye akili hawakuwa na wa kuwaonyesha mlango.

Kwa jirani zetu wa Kenya vijana wengine waliutafuta mlango wenyewe. Waliandika barua kwa vyuo vya Marekani, kimoja baada ya kingine, na baadhi yao wakajibiwa: umekubaliwa. Wakafurahi. Kisha wakaona kwamba nauli hawana! Barua ya chuo haikuwa tiketi ya ndege. Hapo Tom Mboya akashirikiana na Wamarekani, miongoni mwao Jackie Robinson, mcheza besiboli, na Harry Belafonte, mwimbaji, ili fedha zichangwe. Nyumbani nako wazazi na majirani walichanga. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka 1960 mpango ukawachukua na wengine kutoka Tanganyika na Uganda. Serikali ya kikoloni haikuupenda mpango huo, tena ilizidharau shahada za Marekani. Kijana aliweza kusoma miaka minne, akakuta nyumbani mtu anakishika cheti chake kwa shaka. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, nchi iliwahitaji watu wale, na wengi wakapewa kazi kubwa.

Siku hizi mambo yamebadilika. Oktoba 1961 chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam na wanafunzi 13 wa sheria, na leo Tanzania ina vyuo vikuu vingi. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi liwe hili: somo analotaka mtoto halifundishwi hapa nchini? Ikiwa linafundishwa, ng'ombe wakae zizini kwanza. Ikiwa ni lazima aende, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, kama chuo kile kinatambulika, maana tume hiyo ndiyo itakayotazama shahada yake akirudi. Ulizeni kabla ya kutoa hata shilingi moja. Tena isomeni barua ya chuo mpaka mwisho. Yasema "umekubaliwa" tu, au yasema pia nani atalipa ada, chakula, malazi na nauli? Na mwaka wa pili je? Mleta karatasi akikasirika kwa kuulizwa maswali hayo, mmekwisha pata jibu.

Sasa kazi ya darasa. Kiongozi, gawa watu wawili wawili. Kila wawili waandike barua fupi kwa chuo cha ng'ambo, kwa jina la mzazi, yenye maswali matatu: juu ya ada, juu ya malazi, na juu ya shahada yenyewe. Andikeni tarehe juu, upande wa kulia, na jina la kijiji chenu chini yake. Mkimaliza, someni barua kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Kwaherini.